Angaliletwa Mapema

Ndalambo, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Tamari,

Kesho utaondoka na mjomba wako kwa baiskeli hadi Tunduma, na kutoka hapo lori litakuchukua hadi Mbeya, chuoni. Mambo ya blanketi, ya kuchemsha maji ya kunywa na ya kuamkia wakubwa, mama yako ameyamaliza. Anayasema tangu juzi na bado anayasema, nami sitayarudia. Hivi ninavyoandika jua halijafika utosini, naye yuko uani anakaanga karanga zako za njiani. Kila baada ya muda anachungulia mlangoni kuona kama kalamu inatembea. Anajua ninachokuandikia. Yeye ndiye aliyeniambia, "Mtoto akiondoka bila kusikia kwako, atasimuliwa na watu, na watu hawasimulii kama ilivyokuwa."

Nimeanza barua hii mara nne tangu jina lako lilipotoka kwenye orodha ya walimu wanafunzi. Mara zote nne niliichana. Kilichonikalisha leo ni jambo la Jumapili.

Jumapili, tulipotoka ibadani, yule mama wa Msangano alikuletea barua ya mumewe kutoka migodini. Ilikuwa ya Kiingereza. Uliipokea, ukaifungua, na kabla hajamaliza kujifunga nguo yake vizuri ulikuwa umeshamsomea yote kwa Kinamwanga, haraka haraka, kama mtu anayemwaga ulezi kwenye ungo. Watu wakakusifu. Baadaye nilimfuata yule mama nyumbani kwake, nikamwomba barua ile, nikaisoma neno kwa neno. Hukukosea hata mahali pamoja. Hilo ndilo lililonitia hofu, kwa sababu nami zamani nilisifiwa hivyo hivyo.

Umeniuliza mara mbili kwa nini shangazi yako Tabita, dada yangu wa pekee, huja kwetu, humsalimia mama yako, husaidia hata kupura ulezi, lakini hali chakula cha nyumba hii. Mara ya kwanza ulikuwa mdogo, nikakwambia ana tumbo bovu. Mara ya pili nilikufokea. Leo nakujibu.

Nilipokuwa kijana nilisoma mpaka darasa la nne katika shule ya misheni upande wa pili wa mpaka. Hapa Ndalambo siku zile hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza kuandika Kiingereza, kwa hiyo mwene, mkuu wetu, akanifanya karani wa baraza lake. Nilivaa viatu. Nilitembea na kalamu mbili mfukoni, na moja haikuwa na wino. Mtu akileta barua sikuomba hata muda wa kuitazama kwanza. Niliisoma palepale, kwa sauti, ili wote wasikie kwamba sikwami.

Kanuni niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mkato. Tulifundishwa kwamba sentensi ya Kiingereza ikianza na "if", lazima uweke mkato kabla ya sehemu ya pili. Na "if" ikija katikati, mkato hauhitajiki. Wenzangu waliikosea kila siku. Mimi sikuikosea. Nilidhani mtu akishajua mahali pa mkato, ameijua sentensi.

Shangazi yako alikuwa ameolewa na Amoni, mtu wa Msangano aliyehamia hapa, mrefu, mpole, aliyeimba sauti ya chini kabisa kanisani hata madirisha yakatikisika. Mwaka mmoja mvua ilikatika mapema, naye akaenda migodi ya shaba kama wanaume wengine, akamwacha dada yangu na mtoto wa kike wa miezi mitatu. Mwanzoni habari zilikuja. Kisha kimya. Halafu mtu mmoja aliyerudi kutoka huko akasema alimwona Amoni akikohoa sana, na bado anaingia shimoni kufanya kazi.

Dada yangu akaja kwangu. "Yoramu," akasema, "niandikie, uniulizie hali yake."

Watu wanadhani kosa langu lilianza siku ya kusoma. Lilianza hapa. Kule komboni, kwenye nyumba za wachimbaji, kulikuwa na watu wetu tele. Ningaliweza kuandika kwa Kinamwanga au kwa Kibemba, lugha ya kule migodini, na tungalijibiwa vivyo hivyo. Dada yangu mwenyewe aliniambia, "Andika kwa lugha yetu, na mimi nisikie ulichoandika." Nikamjibu, "Ofisi za Wazungu hazisomi lugha yetu." Haikuwa kweli, nami nilijua si kweli. Nilitaka kuandika Kiingereza. Nikaandika, nikaweka "if" moja na mkato wake mahali pake, nikairudia mara tatu kwa kuifurahia tu.

Kwa kuwa niliandika kwa Kiingereza, nilijibiwa kwa Kiingereza.

Jibu lilifika tukiwa tumeshavuna. Tarishi alilileta kutoka Tunduma, akanikabidhi barazani, na watu walikuwa wengi kwa sababu ilikuwa siku ya kesi. Dada yangu aliitwa, akaja mbio. Lilikuwa jibu fupi, nami sijalisahau: "If he had been brought to hospital in time, he would have been saved. His box and blankets are kept here and will be given to a relative if one comes."

Wewe umeshaelewa. Mimi sikuelewa. "If" niliijua kwa kazi moja tu, ile ya "-ki-" yetu: akija, ukila, mvua ikinyesha. "Would" nilifundishwa kuwa ni "will" ya adabu, ile ambayo Wazungu huitumia wakikuomba kitu kwa upole. Pale kwenye "had been" nilijikwaa. Nilihisi kuna kitu, kama unavyokanyaga jiwe ndani ya maji usilione, lakini watu walikuwa wananitazama, nikapita. Nikaona mkato umekaa vizuri, nikasema moyoni, huyu karani wa kule ni msomi. Kisha nikamwambia dada yangu:

"Akiletwa hospitali mapema, ataokoka. Sanduku lake na mablanketi vimetunzwa. Atapewa ndugu, akija."

"Kwa hiyo yu hai," akasema.

"Yu hai. Anasubiri mtu wa kumpeleka hospitali."

"Una hakika?"

"Dada, imeandikwa."

Wazee wa upande wa Amoni walitaka aende mwanamume. Dada yangu akawakatalia. "Mwanamume akifika kule atatafuta kazi," aliwaambia. "Mimi nitamtafuta mume wangu." Siku ya tatu akaondoka pamoja na wanaume wanne waliokuwa wakienda kujiandikisha migodini, mtoto mgongoni. Alibeba unga wa ulezi, kwa sababu Amoni alipokuwa akiugua kifua hakunywa kitu ila uji wa ulezi. Nilimsindikiza mpaka mpakani, nikampa karatasi ya kumtambulisha. Kwa Kiingereza.

Tusilolijua ni kwamba Amoni alikuwa ameshakufa hata kabla sijaandika barua yangu. Alikuwa amejiandikisha kazi kama mtu wa upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kama wengi wetu walivyofanya, kwa hiyo taarifa ya msiba ilitumwa huko, ikapotea. Karani aliyenijibu alidhani tunajua. Tulimwuliza kuhusu ugonjwa, naye akatujibu kuhusu ugonjwa: kwamba marehemu angaliletwa hospitali mapema, angaliokoka.

Yaliyotokea kule dada yangu hakunisimulia mimi. Alimsimulia mama yako. Alisafiri karibu majuma matatu, kwa miguu na kwa malori, akafika komboni asubuhi, akasimama mbele ya dirisha la ofisi na kusema kwa Kibemba kidogo alichokijua kwamba amekuja kumpeleka Amoni hospitali. Karani alikuwa mtu mzima mwenye mvi. Alimtazama yeye, akamtazama mtoto, akatoka nje.

"Mukwai," akamwambia kwa heshima, "nani aliwasomea barua yangu?"

"Mdogo wangu."

"Aliwasomea inasemaje?"

Akamwambia. Yule mzee akavua kofia yake, akamwongoza hadi makaburini. Kaburi la Amoni lilikuwa na kibao cha namba tu, bila jina. Unga wa ulezi dada yangu aliwapa wanawake wa komboni waliompokea, akakaa nao siku kadhaa akiomboleza na watu asiowajua.

Wakati wa kurudi mtoto alishikwa na homa. Walikuwa hawajafika Isoka. Siku ya pili ya homa akafa, na watu wa kijiji kimoja kando ya barabara wakamsaidia dada yangu kuchimba. Alifika hapa wakati tunaandaa mashamba, mgongo mtupu.

Hakupita hata kwake. Alikuja moja kwa moja kwangu, vumbi mpaka kwenye nyusi. "Barua iko wapi?"

Niliitoa ndani ya Biblia.

"Isome."

Nikaisoma, vilevile kama mwanzo.

"Aliyeiandika ameniambia kwa mdomo wake kwamba inasema Amoni amekufa."

Na hapa, Tamari, nilifanya jambo baya kuliko lile la kwanza. La kwanza nilikosa kwa kutojua. Hili nililifanya nikiwa nimeshaanza kujua. Nilimwambia, "Basi yule hajui Kiingereza. Aliandika vibaya." Watu waliokuwepo wakaniamini, maana mimi ndiye niliyekuwa karani wao, na yule alikuwa mtu wa mbali. Msimu mzima Ndalambo yote ilimlaani mzee ambaye alimvulia dada yangu kofia. Nami nilikaa nao nikiitikia.

Baada ya mavuno nilivuka mpaka kwenda kwa mwalimu wangu wa zamani. Sikumwambia mtu ninachofuata. Nilimkuta akinoa jembe. Nikamwambia, kana kwamba ni jambo dogo, "Mwalimu, kuna sentensi za 'if' ambazo pengine tulizipita darasani."

"Tulizipita? Ninyi mliondoka kabla hatujazifikia," akasema. Akachukua kibao na chaki, akaandika sentensi tatu za Kiingereza, kisha akazitamka kwa Kiswahili moja baada ya nyingine. "Mvua ikinyesha, tutapanda. Hii bado iko mbele yetu, inaweza kuwa. Mvua ingenyesha, tungepanda. Hii unaiwaza tu, mbingu nyeupe. Mvua ingalinyesha, tungalipanda." Akagonga ile ya tatu kwa chaki. "Hii msimu wake umekwisha. Hainyeshi tena. Ukiona 'had' hapa na 'would have' pale, ujue jambo limeshapita na halikuwa. Wewe sentensi yako ilikuwa ipi?"

"Ya tatu."

"Ukaisoma kama ipi?"

"Ya kwanza."

"Ilihusu nini?"

"Ugonjwa wa shemeji yangu."

Aliiweka chaki chini. Aliniletea maji ya kunywa, akaketi nami.

Ninachoshindwa kukizoea mpaka leo ni kwamba namna ya kulisema jambo lile ilikuwamo katika lugha tuliyoitumia siku ile. Hii "-ngali-" nilikuwa nayo mdomoni tangu utoto. Bibi yako aliitumia kila alipokumbuka watoto wake waliokufa kabla yangu: angaliishi huyu, angalikuwa mkubwa huyu. Sikuhitaji shule kuijua. Nilihitaji tu kusimama pale kwenye "had been" na kusema, hapa sijui, nipeni siku mbili nikamwulize mwalimu. Siku mbili. Dada yangu angalinisubiri.

Nilirudi nyumbani nikanyamaza majuma sita. Mama yako, wakati ule tukiwa na mwaka mmoja tu wa ndoa, ndiye niliyemwambia kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nenda kwa dada yako kabla ukoko wa sufuria hii haujakauka. Usipokwenda, nitakwenda mimi, halafu nitaendelea mpaka kwa baba yangu."

Nikaenda. Nilimweleza dada yangu yote, hata ile "would" ya adabu, hata mkato. Alinisikiliza akiwa ameshika mwiko. Aliniuliza swali moja.

"Kwa nini hukusema hujui?"

Nilitazama ule mwiko.

"Uliogopa nikuone mdogo? Yoramu, wewe ni mdogo wangu tangu siku uliyozaliwa. Mimi ndiye niliyekubeba."

Kisha akageukia sufuria yake. Hakunifukuza wala hakunilaani. Tangu siku hiyo hajala kwangu.

Mwaka uliofuata ukazaliwa wewe. Kwa ujinga wangu nilifikiri nimepata cha kumpa. Nilikupakata nikaenda kwake, nikamwambia nataka kukuita jina la mtoto wake. Alikushika kidole, kisha akasema, "Hapana. Huyu mpe jina lake mwenyewe. Wangu asifutwe." Ndipo tukakuita Tamari. Mama yako ananiambia kwamba shangazi yako alilia baada ya mimi kuondoka. Mimi sikuona.

Kazi ya ukarani iliniponyoka polepole. Kila barua iliyokuja niliisoma kimya mara mbili kabla ya kufungua mdomo, na mahali nisipopajua nilisema sipajui. Mwanzo watu walicheka. Baadaye wakachoka kungoja, na mwene akapata kijana mwingine aliyesoma kwa sauti bila kukwama. Ndiyo maana umenijua kama mkulima wa ulezi mwenye vitabu kwenye sanduku.

Na ndiyo maana ya kile kibao. Unakumbuka ulipokuwa darasa la tano, jinsi nilivyokurudishia sentensi za "if" kumi na mbili, ukaandika, nikafuta, ukaandika, nikafuta, mpaka ukalia na kusema mwalimu wa shule hana ukatili huu? Mama yako aliingia akakuondolea kibao mkononi. Nilikwambia nakufundisha kwa faida yako. Haikuwa hivyo, au haikuwa hivyo yote. Kila ulipokosea ile ya tatu nilikuwa nasikia sauti yangu mwenyewe barazani. Nilikuadhibu kwa kosa lililotendwa kabla hujazaliwa. Nisamehe kwa hilo. Utakapokuwa na watoto arobaini mbele yako, na mmoja akachanganya zile sentensi, usimchape. Mwambie ni nini kinachopotea zikichanganywa, kama ninavyokwambia wewe leo, ingawa mimi nimechelewa.

Sina la kukuagiza juu ya Kiingereza chenyewe. Umeshanipita, na nimefurahi kupitwa. Nakuomba uogope kidogo tu. Watu watakuja kwako na karatasi mkononi, na watakaa kimya wakiutazama mdomo wako, na kule kutazamwa ni kutamu. Mimi kulinilevya. Siku utakayohisi utamu huo, soma polepole.

Jana nilikwenda kwa shangazi yako kumwomba ruhusa ya kukuandikia, maana kisa hiki ni chake kabla ya kuwa changu. Alikuwa anachambua maharage.

"Utamwandikia kwa lugha gani?" akaniuliza.

"Kiswahili."

"Vyema." Akachambua mengine. "Mwambie mtu akimletea barua, amkalishe chini kwanza. Wewe ulinisomea nimesimama, mtoto mgongoni, na macho yako yalikuwa kwa watu, si kwangu."

"Nitamwambia."

"Na mwanangu mwandike kwa jina lake. Nyote mnasema 'yule mtoto', 'yule mtoto'. Alikuwa na jina."

Nimezisoma tena kurasa hizi sasa hivi, na kila mahali nimeandika "mtoto", ingawa aliniambia jana tu. Mkono ulikuwa unalikwepa. Aliitwa Lidia, Tamari. Lidia, binti wa Amoni na Tabita. Wakati wanaondoka alikuwa ndiyo anaanza kusema, na kwa kuwa alimsikia mama yake akiniita Yoramu, naye aliniita hivyo, ila hakuweza kulitamka; alisema "Oamu". Pale mpakani, walipokuwa wanavuka, aligeuza kichwa mgongoni kwa mama yake akaniita mara mbili.

Nenda salama.

Baba yako,
Yoramu